Je, Wajua? Sola hula mwanga, haili joto

Je, wajua kwamba paneli ya wati 300 ni nadra kutoa wati 300 juu ya paa lako? Namba ile iliyobandikwa mgongoni mwake ilipatikana kiwandani, chini ya taa inayomweka kufumba na kufumbua, mwanga ukiwa wati 1,000 kwa kila mita ya mraba na seli zikiwa na nyuzijoto 25. Sasa niambie, ni saa ngapi paa la bati la Temeke, Dodoma au Garissa hupata jua la saa sita kamili na ubaridi wa nyuzi 25 kwa pamoja? Jua likifika utosini, kioo cha paneli hakishikiki. Kwa hiyo ukipima ukakuta wati 230 au 240, usimkimbilie aliyekuuzia ukidai umepigwa. Huenda kweli umepigwa, lakini si kwa ushahidi huo.

Wajua kwamba joto ni adui wa sola? Hili huwa gumu kumeza, maana katika mazungumzo yetu jua kali na joto kali ni mapacha. Seli ya silikoni hula mwanga, haili joto. Kwa kila nyuzi moja inayozidi 25, nguvu yake hushuka kwa asilimia 0.3 hadi 0.5, kutegemea aina ya paneli. Mtambo wa kuchemshia maji unaouona juu ya hoteli na hosteli ni mnyama mwingine kabisa, huo ndio unaokula joto, na watu huwachanganya wanyama hawa wawili kila siku. Isitoshe, paneli haikai kwenye joto la hewa iliyoizunguka. Mchana wa jua huipita hewa hiyo kwa nyuzi 25 hadi 30.

Tupige hesabu ya haraka. Kenya ina kituo cha umeme wa jua Garissa, megawati 50, kilichozinduliwa mwaka 2019 kwenye nchi tambarare yenye joto, isiyozidi sana mita 150 kutoka usawa wa bahari. Ina vingine vya megawati 40 kila kimoja huko Uasin Gishu, upande wa Eldoret, zaidi ya mita 2,000 juu. Hewa ya Garissa ikiwa nyuzi 36, paneli inaweza kufika 66. Hizo ni nyuzi 41 juu ya kipimo cha kiwandani, na kwa paneli inayopoteza asilimia 0.35 kwa kila nyuzi, zaidi ya asilimia 14 ya nguvu imeshaaga. Eldoret hewa ikiwa nyuzi 23, paneli inafika 53 na hasara haifiki asilimia 10. Paneli ni ileile na mwanga ni uleule, ila baridi ya mlimani peke yake imekuletea asilimia nne na ushee. Usidhani basi waliojenga Garissa walikosea. Wana kitu ambacho Eldoret haina, na tutakifikia.

Kwa nini mlimani kuna baridi, ilhali ndiko karibu na jua? Ukaribu huo ni wa kuchekesha. Jua liko kilomita milioni 150 kutoka hapa, na Kilimanjaro inakupunguzia kilomita sita tu za safari hiyo. Kinachobadilika ni hewa: kwa wastani hupoa nyuzi 6.5 kwa kila kilomita moja unayopanda.

Je, wajua mwanga wa jua hutozwa ushuru njiani? Nje kabisa ya angahewa, jua hutoa wati 1,361 hivi kwa kila mita ya mraba. Ukifika ufukweni Bagamoyo saa sita mchana, anga likiwa safi, zimebaki kama 1,000. Zaidi ya robo imeliwa. Mvuke wa maji na ozoni vimemeza sehemu yao, vumbi na moshi vimechukua yao, na molekuli za hewa zimetawanya nyingine huku na huko. Ule ubuluu wa anga tunaousifia ni mwanga uliotolewa kwenye njia yake. Sehemu yake hukufikia kwa kuzunguka, sehemu hurudi angani isikufae kitu.

Nusu ya hewa yote ya dunia imelala chini ya mita 5,500. Kilele cha Uhuru kina mita 5,895, yaani anayesimama pale ameacha zaidi ya nusu ya hewa chini ya miguu yake, na mapafu yake yanamkumbusha jambo hilo kila hatua. Anayekaa Nairobi naye, bila kupanda mlima wowote, ameshaiacha chini karibu sehemu moja ya tano. Ushuru wa mwanga nao unapungua. Anga likiwa safi, mwanga wa moja kwa moja huongezeka kwa asilimia kadhaa kwa kila mita 1,000 za kwanza, kisha nyongeza hupungua kadiri unavyozidi kupanda, kwa sababu hewa iliyobaki ya kukuibia ni chache.

Wajua kwamba swali hili la mlima na jua lina umri wa zaidi ya miaka 250? Mwaka 1767 Horace-Bénédict de Saussure, msomi wa Geneva, alitengeneza sanduku lenye vioo kadhaa na ndani likiwa jeusi. Baadaye akalipandisha juu ya mlima Cramont, kwenye Milima ya Alps. Nje kulikuwa na baridi ya nyuzi 6 hivi, lakini ndani ya sanduku joto lilifika 88. Kesho yake akashuka bondeni, karibu mita 1,500 chini, ambako hewa ilikuwa na nyuzi 25. Sanduku likapata joto karibu lilelile. Saussure akajibu kitendawili kilichowashinda wengi: jua la mlimani halina upungufu wowote, ila hewa ya kule ni nyepesi na angavu mno, haiwezi kulishika joto. Hakuwa na paneli, hakuwa na umeme, lakini alikuwa ameshatenganisha mwanga na joto. Sisi tulio na simu mfukoni bado tunavichanganya.

Mwaka 1881 Mmarekani Samuel Langley alibebesha vyombo vyake hadi mlima Whitney, California, wenye zaidi ya mita 4,400, ili apime jua huko ambako hewa haijalichezea sana. Alikuwa na kifaa alichokibuni mwenyewe, cha kunusa joto dogo mno. Vipimo vyake vilikuwa vizuri. Hesabu yake ya mwisho ndiyo iliyomtupa: alitangaza nguvu ya jua iliyozidi ukweli kwa zaidi ya nusu. Faraja yake ni kwamba njia aliyoifungua, ya kufuatilia mwanga kadiri jua linavyopanda kisha kukisia ungekuwaje bila hewa, inatumika hadi leo na kuitwa kwa jina lake. Waliorithi kazi hiyo katika taasisi ya Smithsonian waliitafutia hewa kavu na safi hadi Afrika, na mwaka 1926 wakafungua kituo cha kupima jua juu ya mlima Brukkaros, Namibia ya leo.

Wajua huhitaji kupanda mlima ili upunguze hewa? Subiri tu jua lipande. Likiwa utosini, mwanga hupita unene mmoja wa hewa. Likiwa limeinama, nyuzi 30 tu juu ya upeo, hupita unene mara mbili. Ndiyo maana saa moja asubuhi unaweza kulitazama jua kwa kufinya macho, na ndiyo maana paneli yako hufanya kazi yake kubwa kati ya saa tatu asubuhi na saa tisa alasiri.

Huko Kilimanjaro, vibanda vya njia ya Marangu, Mandara mita 2,720, Horombo 3,720 na Kibo 4,720, huwashiwa taa kwa sola. Hakuna nguzo ya umeme itakayopanda huko, na jua la huko halina haja ya nguzo.

Na je, wajua watu wamepeleka hata mitambo mikubwa kwenye miinuko kama hiyo? Cauchari, katika jimbo la Jujuy nchini Argentina, ni kituo cha megawati 300 kilichojengwa juu ya mita 4,000. China ina cha gigawati moja huko Kela, Sichuan, kwenye mita 4,600, kilichoanza kazi mwaka 2023. Tibet wamevuka mita 5,000. Mji wao wa Lhasa, kwenye mita 3,650, hujivunia jina la mji wa jua, na unastahili.

Waswisi ndio wajanja kuliko wote hapa. Bonde lao lina kasoro moja: majira ya baridi hufunikwa na ukungu mzito, wiki baada ya wiki, na hapo ndipo wanapohitaji umeme. Basi karibu paneli 5,000 wakazining'iniza kwenye ukuta wa bwawa la Muttsee, mita 2,500 juu, zikiwa zimesimama karibu wima. Huko ukungu unabaki chini kama shuka. Theluji hairundikani juu ya kioo kilichosimama, badala yake hutandikwa mbele yake na kurudisha mwanga kama kioo cha pili. Matokeo ni kwamba karibu nusu ya umeme wa mwaka hupatikana katika miezi ya baridi, jambo ambalo paneli za bondeni haziliwezi hata kwa ndoto.

Je, wajua rekodi za mwanga mkali hazipigwi anga likiwa safi? Hupigwa kukiwa na mawingu! Kwenye uwanda wa Chajnantor, jangwa la Atacama nchini Chile, mita 5,000 hivi juu, watafiti wamepima zaidi ya wati 2,000 kwa mita ya mraba, zaidi ya zile zinazofika nje ya angahewa. Wingu jembamba likisimama pembeni ya jua bila kulifunika, kingo zake humwaga mwanga wa ziada kuelekea chini, ukijumlishwa na wa jua lenyewe. Hudumu muda mfupi. Hata huku kwetu hutokea kwa kiasi kidogo, na fundi mzuri huacha nafasi kwenye unene wa nyaya na fyuzi kwa ajili ya dakika kama hizo.

Lakini mawingu yakikaa juu ya jua, mlima haukusaidii kitu. Hapa ndipo Garissa, yenye anga kavu, inapolipa kisasi. Milima ya kwetu huvuta mvua. Limuru, Lushoto na Rungwe zina hewa nyepesi na baridi nzuri ya paneli, kisha zina ukungu hadi saa nne asubuhi. Nairobi ya Julai inaweza kupitisha wiki nzima bila kivuli kuonekana chini. Mwinuko ni mtaji pale tu ambapo anga ni kavu: Atacama, Tibet. Kwetu sisi ni bakshishi, huja siku ikipenda.

Wajua baridi inaweza kuunguza kifaa? Joto linapopanda volti za paneli hushuka, na baridi inapoingia volti hupanda. Chukua paneli tatu zenye volti 48 kila moja zisipobebeshwa mzigo, uziunge mfululizo, sirizi kama wasemavyo mafundi. Jumla ni 144. Kontrola yako imeandikwa mwisho volti 150. Dar es Salaam hutapata tatizo maisha yako yote. Mpelekee mjomba mtambo huohuo Makete au pembeni ya Kitulo, ambako alfajiri ya Julai majani huwa meupe kwa jalidi. Kwenye nyuzi 3, volti zile zinapanda kwa asilimia 6 au 7 na kufika 153 hivi, mwanga wa kwanza tu unapogusa kioo. Kontrola inakufa asubuhi, kimya kimya, na mjomba analaumu radi.

Inveta nazo zina hofu ya urefu. Hewa nyepesi haipozi vizuri, na cheche hurukia kirahisi kati ya nyaya zenye volti kubwa. Watengenezaji wengi huandika kwenye karatasi ya kifaa kwamba juu ya mita 2,000 nguvu yake ihesabiwe kuwa pungufu. Karatasi hiyo ndiyo watu hufungia maandazi.

Miale ya urujuanimno huongezeka kama asilimia 10 kwa kila mita 1,000. Paneli yenyewe hustahimili, lakini zile kamba za plastiki za kufungia nyaya huwa kama biskuti baada ya miaka michache.

Tushuke sasa kutoka mlimani, kwa sababu mwinuko hukupa kidogo na kwa adabu, wakati hewa chafu hunyang'anya kwa mikono miwili. Na hunyang'anya mara mbili: kwanza angani, kabla mwanga haujafika, kisha juu ya kioo baada ya uchafu huohuo kutua.

Wajua Delhi ilikosa jua lake kwa moshi? Watafiti waliochapisha matokeo yao mwaka 2018 walikadiria kwamba ukungu wa moshi wa mji ule hupunguza mwanga unaofikia paneli kwa asilimia 11 au 12 kwa mwaka. Miaka miwili baadaye dunia ikafanya jaribio ambalo hakuna mtafiti angethubutu kuomba ruhusa yake. Machi 2020 India ilifungiwa ndani kwa sababu ya korona. Magari yakasimama, viwanda vikanyamaza. Mwishoni mwa mwezi huo mwanga uliofikia paneli za Delhi ulizidi wa miaka iliyotangulia kwa asilimia 8 na ushee. Paneli hazikuguswa na jua lilikuwa lilelile. Moshi ndio uliokuwa likizoni.

Huko Gandhinagar, jimbo la Gujarat, kundi la watafiti wa India na wa chuo kikuu cha Duke, Marekani, lilifuatilia paneli zilizokuwa zikisafishwa kila baada ya wiki kadhaa. Kila zilipooshwa, umeme uliruka kwa asilimia 50 hivi. Nusu nzima! Walipoukwangua uchafu na kuupima, walikuta kwamba kwa uzito asilimia 92 ni vumbi la kawaida. Kilichobaki kilitoka kwenye moshi wa magari, takataka na mioto. Usikidharau kwa udogo wake. Masizi ni madogo na meusi, hung'ang'ania kioo na kufunika mwanga kuliko uzito wake unavyoonyesha, na mvua huyaondoa kwa shida. Utafiti huo ulichapishwa mwaka 2017. Sijui nyumba ngapi za kwetu zina bomba la moshi la jiko la kuni hatua tatu kutoka kwenye paneli, lakini nimeziona, na ningemshauri mwenye nyumba ahamishe kimoja kati ya hivyo viwili.

Septemba 2020, misitu ya California iliwaka hadi anga la San Francisco likageuka rangi ya chungwa mchana. Katika nusu ya kwanza ya mwezi huo umeme wa jua kwenye gridi ya jimbo ulishuka karibu asilimia 30 ukilinganishwa na wastani wa Julai. Moto wenyewe ulikuwa mbali na mitambo mingi. Moshi haujali umbali.

Je, wajua volkano iliwahi kuliziba jua la dunia nzima? Juni 1991 mlima Pinatubo nchini Ufilipino ulirusha mamilioni ya tani za gesi ya salfa juu kuliko mawingu. Kwa muda wa miaka miwili hivi jua lilikuwa kama limevaa chandarua. Lililo muhimu kwetu ni namna lilivyozibwa. Mwanga wa moja kwa moja ulipungua sana, lakini mwingi wake ulitawanyika tu na kufika kutoka pande zote za anga. Paneli za kawaida hula mwanga wa pande zote, kwa hiyo zingeumia kidogo. Mitambo ya vioo vinavyokusanya jua mahali pamoja, kama iliyokuwepo jangwa la Mojave, haina ujanja huo. Inataka jua lenye kivuli kikali, na ndiyo iliyoumia.

Goma, mita 1,500 hivi juu, pembeni ya ziwa Kivu, yote haya huyajua kwa jirani. Mji huo una kituo cha sola cha megawati 1.3 kilichoanza kuwasha mtaa wa Ndosho mwaka 2020. Mwaka uliofuata, usiku wa tarehe 22 Mei, mlima wa volkano wa Nyiragongo ukatapika. Wakazi wa Goma hawahitaji kuelezwa na mtu wa mbali mabati yanavyoliwa na mvuke wa volkano, wala majivu yanavyokwaruza. Majivu ya volkano ni vipande vya mawe na kioo, ukiyafuta makavu kwa kitambaa umepiga msasa paneli yako.

Wajua kwamba dunia ilififia? Tangu miaka ya 1950 hadi ya 1980 vituo vingi vya kupima jua vilionyesha mwanga unaofika ardhini ukipungua. Atsumu Ohmura na Gerald Stanhill walipolisema, wengi hawakuamini, kwa kuwa jua lenyewe halikuwa limebadilika. Mkosaji mkubwa alikuwa moshi wa viwanda. Ulaya ilipobana mabomba yake, mwanga ukaanza kurudi. Kila aliyenunua paneli Ujerumani baada ya hapo alipewa zawadi na sheria ya hewa safi bila kuijua.

Ghuba ni habari nyingine. Oman na Falme za Kiarabu zina jua ambalo sisi tungelionea wivu, na kikwazo chao hakina haraka. Vumbi linatua mchana, umande unaliloanisha alfajiri, jua linalikausha asubuhi. Siku kumi za namna hiyo na kioo kimepakwa kitu kama saruji. Mvua nayo ni ya kuhesabu kwa vidole. Ndiyo maana kituo cha Noor Abu Dhabi, chenye paneli zaidi ya milioni tatu, husafishwa na roboti zinazopiga brashi kavu, maana maji ya kuziosha zote yangetoka wapi?

Sisi tuna mvua, lakini mvua si mtumishi wa kutegemewa. Kubwa huosha. Ile ya manyunyu, inayotua juu ya vumbi la barabara ya murram, hutengeneza tope na kulikausha palepale. Halafu kuna suala la mlalo. Kwa kuwa tuko karibu na ikweta, jua hupita juu ya kichwa, na mafundi wengi huilaza paneli chali kama mkeka. Maji husimama kwenye ukingo wa chini na kuacha mstari wa udongo juu ya seli za mwisho. Iinamishe nyuzi 10 angalau. Unapoteza mwanga kidogo sana, na maji yanashuka na uchafu wao. Dar es Salaam na Zanzibar uso wake utazame kaskazini kidogo.

Wajua kinyesi cha kunguru mmoja ni kibaya kuliko vumbi la paneli nzima? Vumbi hupunguza kila seli sawasawa. Kinyesi hufunika moja. Seli zimepangwa foleni, na umeme unaopita unatoshana na ule wa seli iliyo dhaifu kuliko zote. Ndani ya paneli kuna dayodi, mara nyingi tatu, za kuuchepusha umeme pembeni ya sehemu iliyozibwa, hivyo doa la ukubwa wa kiganja linaweza kuzima theluthi moja ya paneli. Dayodi zisipofanya kazi, ile seli iliyozibwa hugeuka jiko na kuunguza doa la kahawia ambalo halitoki tena. Watu wa Zanzibar na Dar, mlioletewa kunguru weusi, mna kesi ya kudai.

Chumvi ya pwani haizibi sana mwanga, inakula chuma. Kagua viungio vya nyaya kabla ya kulaumu kioo.

Na je, wajua fundi mwenye mita ya bei ndogo anaweza kukuambia kama tatizo lako ni uchafu au ni joto? Umeme wa paneli una sehemu mbili zenye tabia tofauti. Ampea hufuata mwanga karibu hatua kwa hatua: ukipunguza mwanga kwa asilimia 20, ampea nazo hupungua asilimia 20. Volti haziyumbi sana kwa mwanga, hushuka kwa joto. Basi ampea zikiwa chini mchana wa anga safi, panda na ndoo. Volti zikiwa chini, acha nafasi ya kiganja au zaidi kati ya paneli na bati ili upepo upite. Nyumba nyingi zimegandisha paneli kwenye bati kama stempu, kisha wenyewe wanashangaa mbona Desemba betri hazijai.

Kuosha ni asubuhi na mapema au jioni. Maji baridi kwenye kioo chenye nyuzi 65 ni mwaliko wa ufa. Maji laini, kitambaa au sponji, sabuni kidogo kama lazima. Mchanga na steelwool ni mwiko. Maji ya kisima chenye chumvi yafutwe kabla hayajakauka, la sivyo umeondoa vumbi ukapaka chokaa.

Tumalizie mbali kabisa, mahali penye hewa nyepesi kuliko mlima wowote. Angahewa ya Mirihi haifiki asilimia 1 ya yetu kwa mgandamizo, na bado vumbi ndilo lililoua baadhi ya mashine za huko. Gari la NASA lililoitwa Opportunity lilitua Januari 2004 kwa kazi ya siku 90. Vimbunga vidogo vya pepo vikawa vinapita na kulifagilia paneli, likaishi zaidi ya miaka 14, hadi dhoruba ya vumbi ya Juni 2018 ilipolizima. Mtambo mwingine, InSight, haukubahatika na ufagio huo. Mwaka 2021, umeme ukizidi kupungua, wahandisi wake wakauagiza uchote mchanga kwa koleo lake na kuumwaga taratibu karibu na paneli, kwenye upepo. Punje zilipodundadunda juu ya kioo ziliondoka na vumbi kiasi, na umeme ukapanda. Waliipangusa sola kwa mchanga, na ilifanya kazi kwa muda. Desemba 2022 mtambo ukanyamaza, ukiwa umefunikwa na vumbi jekundu ambalo mtoto wa darasa la tatu angelifuta kwa tambara kabla ya chai.